Mkono Unaanzia Wapi?

Majuzi nilimsindikiza jirani yangu hadi kituo kimoja cha afya mjini Garissa. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye bodaboda.

"Nimevunjika mkono," akamwambia daktari.

"Mkono wapi?"

Kiswahili kikamwishia hapo, akarudi kwa Kisomali: cudud. (Hiyo c hutamkwa kama ain ya Kiarabu.) Ni sehemu iliyo kati ya bega na kiwiko. Inayofuata, hadi kifundo, ni dhudhun. Hiyo ya chini sisi pia tunayo, kigasha, ingawa wengi wameisahau. Lakini ile ya juu huwa "mkono wa juu" tu, na mfupa wake, humerasi, hubaki neno la darasani.

Si ubishi wa kamusi huu. Neva ya radiali huuzunguka mfupa huo kwa nyuma, karibu na katikati, ikiwa imeukaribia mno. Ukivunjika pale, neva huweza kuumia, kifundo kikalegea na kiganja kisiinuke. Ndiyo maana daktari, kabla ya plasta, alisema: "Hebu inua kiganja." Kikainuka, alhamdulillahi.

Wasanifu wa istilahi wakinisikiliza, tuliazime neno hilo la Garissa. Tuandike adudi.