Je, Wajua? Sungura wa Disney na Wachongaji wa Tabaka

Mwaka 1927 Walt Disney alibuni Oswald, sungura wa katuni aliyetolewa na kampuni ya Universal. Mwaka uliofuata alikwenda New York kuomba malipo bora akakuta sungura si wake: haki zote zilikuwa za Universal. Ndipo akazaliwa Mickey Mouse. Kampuni ya Disney ilimpata Oswald tena mwaka 2006, katika makubaliano yaliyomruhusu mtangazaji wa michezo Al Michaels kuhamia NBC. Binadamu kwa sungura!

Mtego huohuo upo Tabaka, Kisii, kwenye machimbo ya mawe ya sabuni. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mchongaji haki juu ya sanamu aliyoibuni hata bila kuisajili, na haki hiyo hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini akichonga kwa oda, hakimiliki huhesabiwa kuwa ya aliyeagiza, isipokuwa wameafikiana vingine. Kiboko wa mtindo mpya aliyebuniwa Tabaka kwa oda ya duka la Ulaya anaweza kuwa mali ya duka hilo, na mbunifu asiruhusiwe kumchonga tena kwa ajili ya mteja mwingine. Hilo linauma, maana wengi pale hutegemea oda.

Kinga ni maandishi kabla ya patasi kugusa jiwe: mchongaji abaki na hakimiliki, mnunuzi apewe leseni inayotaja nchi, bidhaa, miaka na malipo kwa kila kipande kitakachouzwa.