Ukimya wa Vali: Kipimo Kidogo Katika Injini ya Pikipiki

Katika kata ya Buhembe, Manispaa ya Bukoba, pikipiki huanza kusikika kabla jua halijachomoza juu ya Ziwa Victoria. Zipo zipelekazo abiria mjini, zipo zibebazo mikungu ya ndizi, na nyingine huelekea kusini kwa barabara ipitayo Kemondo na Muhutwe hadi Muleba. Nchi ni ya vilima, na mizigo ni mizito. Aghalabu dereva si mwenye chombo. Anakiendesha kwa mkataba, na kila jioni anatakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri wake. Siku pikipiki inapolala kwa ubovu, deni halilali.

Na uchukuliwe mfano wa dereva mmoja wa aina hiyo. Injini yake imeanza kutoa mlio mwepesi wa kugonga, mithili ya cherehani. Anakwenda kijiweni na kusema, “Fundi, niondolee hiyo kelele.” Fundi anafungua mfuniko, anakaza skrubu mbili, anawasha injini na kusikiliza. Anakaza tena kidogo. Mlio unatoweka, dereva analipa na kuondoka ameridhika. Baada ya muda pikipiki hiyo inakuwa ngumu kuwaka asubuhi, inazimika ikipata moto, na mlima uliokuwa ukipandwa kwa gia ya tatu sasa unadai ya kwanza. Injini inapofunguliwa, vali ya kutolea moshi inakutwa imeungua ukingoni.

Dereva hakuchelewa kwenda kwa fundi, na fundi alifanya hasa alichoombwa. Kosa lilikuwa katika chombo cha kupimia. Sikio lilitumika mahali palipohitaji kipimo cha sehemu za milimita.

Kazi ya vali

Injini ya pikipiki za kawaida za abiria hufanya kazi kwa mapigo manne: kufyonza hewa na petroli, kugandamiza mchanganyiko huo, kuulipua ili usukume pistoni, na kutoa moshi. Milango ya chumba hicho cha moto ni vali mbili. Moja huingiza mchanganyiko, nyingine hutoa moshi. Kila moja hufunguka mara moja katika kila mizunguko miwili ya krankshafti. Kwa hiyo injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, kila vali hufunguka na kufunga mara 3,000, yaani mara 50 kwa sekunde moja.

Vali husukumwa na kamshafti, ambayo ni mhimili wenye nundu. Katika injini za aina ya CG, kamshafti imewekwa chini. Nundu yake huinua fimbo ndefu, na fimbo husukuma mkono mfupi uitwao roka, ufanyao kazi kama wenzo. Ncha moja ya roka huinuliwa, ya pili hubonyeza kichwa cha shina la vali. Nundu ikishapita, springi huirudisha vali kwenye kiti chake.

Injini hii ina historia yenye mafunzo. Honda CG125 ilitolewa mwaka 1976, ikawa pikipiki ya kwanza kutengenezwa katika kiwanda cha kampuni hiyo mjini Manaus, Brazil. Wahandisi wake walikuwa wamegundua kwamba katika nchi nyingi pikipiki hubebeshwa kupita kiasi na kucheleweshewa oili na matengenezo. Wakaacha mnyororo wa kuzungusha kamshafti iliyo juu, wakarudia mtindo wa fimbo, ambao ni rahisi na mgumu zaidi kuharibika. Baadaye viwanda vingi vya China viliiga muundo huo, na ndiyo sababu injini za jamii yake zimeenea sana Afrika Mashariki. Hata hivyo, injini hii iliyobuniwa kuvumilia uzembe haikuweza kuepushwa na haja ya kupimwa nafasi ya vali.

Kwa nini nafasi iachwe

Injini ikiwa baridi na vali ikiwa imefungwa, roka haipaswi kuligusa shina la vali kwa nguvu. Kati yao huachwa nafasi ndogo sana. Kwa Honda CG125 nafasi hiyo ni milimita 0.08 kwa kila vali. Mafundi wengi huiita “tapeti”, na kazi ya kuirekebisha huiita kuseti tapeti.

Sababu yake ni mtanuko, ambao mwanafunzi wa fizikia ameusoma kwa kutumia vyuma vya reli na nyaya za simu. Kwa kila nyuzi moja ya Sentigredi, chuma cha pua hurefuka takriban sehemu 12 katika kila sehemu milioni za urefu wake. Alumini hurefuka takriban sehemu 23. Na ichukuliwe vali ya chuma yenye urefu wa milimita 80 ambayo joto lake, kwa wastani, limepanda kwa nyuzi 300. Itarefuka hivi:

80 × 300 × 0.000012 = milimita 0.288

Lakini kichwa cha silinda kilichoishika vali hiyo, ambacho ni cha alumini, nacho kimepata moto. Kwa kuwa kinapozwa na upepo, na ichukuliwe kwamba joto lake limepanda kwa nyuzi 120 tu. Sehemu yake yenye urefu uleule itarefuka hivi:

80 × 120 × 0.000023 = milimita 0.221

Tofauti ya marefusho hayo mawili ni milimita 0.067. Hicho ndicho kiasi ambacho shina la vali limeikaribia roka. Kama nafasi iliyoachwa ilikuwa milimita 0.08, bado kuna mabaki kidogo, na vali inakaa sawasawa kwenye kiti chake. Kama ilikuwa milimita 0.02, shina limekwisha kuigonga roka, na vali haiwezi tena kufunga kabisa. Hesabu hii imerahisishwa, maana katika injini halisi fimbo, silinda na roka navyo hutanuka, kila kimoja kwa kadiri yake. Ndiyo sababu kipimo sahihi ni kile kilichoandikwa na mtengenezaji wa injini yenyewe.

Kelele na ukimya

Madhara ya kukosea hayalingani pande zote mbili. Nafasi ikiwa kubwa mno, roka huligonga shina kama nyundo na mlio husikika. Vali huchelewa kidogo kufunguka, huwahi kufunga, na sehemu zinazogongana hulika upesi. Ni hasara, lakini ni hasara inayojitangaza.

Nafasi ikiwa ndogo mno, hakuna kinachogonga, na injini hutulia. Ndani yake, hata hivyo, vali ya moshi haifungi. Vali hii huishi katika gesi zenye joto la mamia ya nyuzi, na sehemu kubwa ya joto lake huondoka kwa kupitia kiti inapokuwa imefunga na kugusana nacho. Ikinyimwa mguso huo, haina pa kupoa. Zaidi ya hayo, wakati wa mlipuko gesi ya moto hupenya katika mwanya mwembamba ulioachwa, na kuula ukingo wa vali kidogo kidogo. Mgandamizo hupotea, na nguvu hupotea pamoja nao.

Dereva wa Bukoba anaweza kuchelewa kuing’amua dalili hiyo kwa sababu ya mahali anapoishi. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo injini yoyote huvuta hewa kidogo zaidi kwa kila pigo. Nguvu inapopungua, ni rahisi kuulaumu mlima, mzigo au petroli.

Jambo jingine huongeza hatari. Watu wengi hudhani kwamba kila kitu kinacholika huongeza nafasi. Ni kweli kwa nundu ya kamshafti na ncha ya roka. Lakini vali inapokipiga kiti chake maelfu ya mara kila dakika, nayo na kiti hulika, vali huzama zaidi ndani ya kichwa cha silinda, na ncha ya shina lake huisogelea roka. Hapo nafasi hupungua. Injini iliyokuwa na mlio kidogo, kisha ikanyamaza yenyewe bila kuguswa na mtu, haikupona. Inastahili kupimwa siku hiyohiyo.

Namna ya kupima nyumbani

Kazi hii haihitaji gereji kubwa. Vinavyotakiwa ni spana za saizi yake, bisibisi au kifaa cha kuzungushia skrubu ya tapeti, kitambaa safi, na filageji, yaani fungu la bapa nyembamba za chuma zilizoandikwa unene wake.

Kwanza, injini iwe baridi kabisa. Wakati ufaao ni asubuhi, kabla pikipiki haijawashwa. Nafasi ya milimita 0.08 imetolewa kwa injini baridi, na kuipima injini yenye moto ni kupima kitu kingine.

Pili, uchafu ufutwe kuzunguka plagi na mfuniko wa vali, kisha plagi na mfuniko vifunguliwe. Pikipiki isimamishwe kwa stendi ya kati, iingizwe gia ya juu, na gurudumu la nyuma lizungushwe mbele taratibu kwa mkono. Kwa kuwa plagi imetolewa, injini itazunguka kwa wepesi.

Tatu, itazamwe vali ya kuingiza, yaani ile ya upande wa kabureta. Itashuka, kisha itapanda na kufunga. Baada ya hapo gurudumu liendelee kuzungushwa polepole hadi alama ya T kwenye magineti ilingane na alama ya kwenye bodi ya injini. Sasa pistoni iko juu kabisa mwishoni mwa pigo la kugandamiza, na vali zote mbili zimefunga. Roka zote zikitikiswa kwa vidole, zitacheza kidogo. Kama hazichezi, huenda pistoni iko juu lakini katika pigo la kutoa moshi. Krankshafti izungushwe mzunguko mmoja kamili na alama ilinganishwe tena. Roka isipocheza hata baada ya hapo, basi vali yake imebana. Kosa la kuseti katika pigo lisilofaa ni la kawaida, na huacha nafasi kubwa mno.

Nne, bapa ya milimita 0.08 iingizwe kati ya skrubu ya roka na shina la vali. Inapaswa kuteleza kwa ugumu kidogo. Ikipita bila kuguswa, nafasi ni kubwa; isipoingia, ni ndogo. Nati ya kufungia ilegezwe, skrubu izungushwe mpaka ugumu huo upatikane, kisha skrubu ishikiliwe isizunguke wakati nati inakazwa. Baada ya kukaza, ipimwe tena, kwa maana nati huweza kuisogeza skrubu.

Kwa injini nyingine, hasa zile zenye kamshafti juu ya kichwa cha silinda, kanuni ni hiyohiyo lakini kipimo huweza kuwa tofauti, na mara nyingi vali ya moshi hupewa nafasi kubwa zaidi. Kitabu cha pikipiki husika ndicho cha kufuata. Nayo pikipiki ambayo vali yake imekwisha kuungua haitaponywa na filageji. Itahitaji fundi wa kusaga au kubadilisha vali.

Wembe, karatasi na hesabu

Wapo mafundi wanaotumia wembe wa kunyolea badala ya filageji. Ni afadhali kuliko sikio, lakini unene wa wembe wa kawaida ni karibu milimita 0.1, yaani robo zaidi ya kipimo cha CG125. Kukisia kwa kuzungusha skrubu nako kuna mtego. Kama hatua ya nyuzi za skrubu ni nusu milimita, mzunguko mmoja huisogeza milimita 0.5. Nafasi yote ya milimita 0.08 ni sawa na nyuzi 58 tu za duara, chini ya moja ya sita ya mzunguko. Kiganja kinachokaza “kidogo tu” huweza kuimaliza nafasi yote.

Mwalimu anaweza kulifanya somo hili bila pikipiki. Wanafunzi na wapime kwa rula unene wa rimu ya karatasi 500 za kupigia chapa. Watapata karibu sentimita 5. Wakigawanya kwa 500, watajua kwamba karatasi moja ina unene wa karibu milimita 0.1, ingawa rula yao haina alama ndogo kuliko milimita moja. Kisha na warudie hesabu ya mtanuko kwa kubadilisha joto la vali kutoka nyuzi 300 hadi 350, na kuona ni nafasi gani inayobaki. Jibu watakalopata litawaeleza kwa nini kilima kirefu, chenye abiria wawili, ni mtihani kwa injini.

Wengi wa wanafunzi hao watakuja kuendesha pikipiki, kuzimiliki au kuzitengeneza. Filageji ni kifaa kidogo, na kazi yote humalizika asubuhi moja, kabla ya abiria wa kwanza kufika. Dereva anayeijua kazi hiyo atakapofika kijiweni hatasema tena, “Fundi, niondolee kelele.” Atasema, “Fundi, nipimie.”