Kwa Nini Filamu za Michoro ya Mkono Hukumbukwa kwa Hamu

Mtu mzima atazamapo tena filamu ya katuni aliyoipenda utotoni, aghalabu huingiwa na hamu ya siku zilizopita. Je, hamu hiyo yatokana na kumbukumbu peke yake? Sivyo, huenda sehemu yake imo katika michoro yenyewe.

Filamu huonyesha picha 24 kwa sekunde. Picha hizo hutofautiana kidogo kidogo na hufuatana upesi, hata ubongo ukaziona kuwa mwendo mmoja. Filamu ya Snow White and the Seven Dwarfs, iliyoonyeshwa kwanza Marekani mwaka 1937, huchukua dakika 83, yaani picha zipatazo 120,000. Ingawa mara nyingi mchoro mmoja hupigwa picha mbili mfululizo, bado michoro 12 huhitajika kwa kila sekunde.

Mkono wa binadamu hauwezi kurudia mstari uleule bila tofauti. Kwa hiyo umbo lililochorwa upya mara kwa mara, hata likiwa limetulia, huonekana kana kwamba linapumua. Katika One Hundred and One Dalmatians ya mwaka 1961, mistari ya penseli ilinakiliwa kwa mashine juu ya karatasi angavu za plastiki, na ukwaru wake waonekana dhahiri. Kompyuta, iliyotumika kutengeneza Toy Story nzima mwaka 1995, haitoi mtetemo huo isipoamriwa.

Mwanafunzi na ajaribu: achore mpira katika pembe za kurasa 12 za daftari, mahali pamoja, kisha aziachie kurasa upesi kwa kidole gumba. Mpira utatetemeka. Hiyo ndiyo alama ya mkono uliouchora.