Safari Ndefu ya Mbwa: Kutoka Itumba hadi Pwani

Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, ni mji mdogo wa nyanda za juu ulio karibu na mpaka wa Malawi. Mbwa wa huko amezoea hewa ya milimani, na aghalabu hajapata kupanda gari. Mwenyewe anapohamia Dar es Salaam, mnyama huyo hana budi kupita Mpemba, Mbeya, Makambako, Iringa, Mikumi na Morogoro, umbali unaokaribia kilomita 1,000. Wengi hudhani kwamba matayarisho ya safari hiyo ni kamba na kopo la maji asubuhi ya kuondoka. Kwa hakika yapasa kuyaanza mwezi mmoja kabla.

Chanjo na wakati wake

Jambo la kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Virusi vya ugonjwa huu huweza kukaa mwilini kwa majuma au miezi bila dalili yoyote. Hivyo mbwa anayeonekana mzima huweza kuuhamisha ugonjwa kutoka wilaya moja hadi nyingine. Dalili zikishajitokeza, kifo hakiepukiki, isipokuwa kwa nadra mno. Hukadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka ulimwenguni, karibu wote baada ya kuumwa na mbwa.

Chanjo haimkingi mnyama papo hapo. Mwili huhitaji majuma matatu au manne kujenga kinga baada ya chanjo ya kwanza. Mbwa aliyechanjwa jana, basi, hajawa tayari kusafiri leo. Wakati huohuo mwenye mbwa amwone afisa mifugo wa wilaya, aulize habari za cheti cha chanjo na kibali cha kumsafirisha mnyama.

Yafaa pia kuuliza juu ya chanjo ya distempa. Barabara kuu hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kadiri ya kilomita 50. Mwaka 1994 virusi vya distempa viliangamiza takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani walishukiwa kuwa chanzo. Kwa sababu hiyo mbwa asiteremshwe garini ndani ya hifadhi, hata kwa dakika moja.

Kumzoeza gari

Gari linapoyumba, viungo vya usawazisho vilivyomo ndani ya sikio hupeleka ubongoni habari zisizopatana na zile za macho. Matokeo yake ni kichefuchefu, na watoto wa mbwa huathirika zaidi. Mwanasayansi wa Urusi Ivan Pavlov alithibitisha kwamba mbwa huunganisha ishara na jambo linaloifuata. Mbwa aliyetapika garini mara moja huweza kuanza kudondosha mate kabla injini haijawashwa. Kanuni hiyohiyo yaweza kutumiwa kwa faida: alishwe kitu akipendacho ndani ya gari lililosimama, kisha injini iwashwe, kisha apelekwe mwendo mfupi, tuseme hadi Isongole na kurudi.

Hatari ya joto

Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni kadiri ya nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi. Likizidi 41, maisha yake yamo hatarini. Mbwa hatoi jasho mwilini kama mtu. Hujipoza hasa kwa kuhema, maji yakivukizwa kutoka ulimini na katika njia za hewa. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama ilivyo pwani, uvukizaji hupungua. Gari lililofungwa vioo juani huweza kupata joto la nyuzi 10 zaidi kwa dakika kumi tu. Baada ya kuteremka Mlima Kitonga, msafiri huingia katika mabonde yenye joto. Sehemu hiyo ni heri ipitwe alfajiri au jioni.

Siku ya safari

Mbwa apewe chakula kidogo saa kadhaa kabla ya kuondoka, na maji kidogo kidogo njiani. Asimamishwe kila baada ya saa mbili au tatu, akiwa amefungwa kamba kabla mlango haujafunguliwa. Tenga imara lenye matundu ya hewa ni bora kuliko kamba ya shingoni nyuma ya pikapu, kwa maana mbwa akiruka kamba hiyo huweza kumnyonga. Asipewe dawa za maumivu za binadamu; baadhi yake humdhuru ini na figo.

Akishafika, azuiliwe uani kwa siku kadhaa hadi ayazoee makazi mapya. Cheti chake kihifadhiwe, kwa kuwa tarehe iliyoandikwa humo ndiyo itakayoonyesha wakati wa kurudia chanjo.