Taa Chini ya Tepu

Miaka kadhaa iliyopita nilipanda mchomoko, gari dogo la abiria, Kahama kwenda Kakola, barabara ikiwa ya vumbi tupu. Nyuma tulibanana wanne na mtoto. Mbele walikaa wawili upande wa abiria, na wa tatu akamegewa robo ya kiti cha dereva. Kwenye dashibodi palikuwa na kipande cha tepu nyeusi ya mafundi umeme, na pembeni yake ulivuja mwanga wa njano.

"Kaka, hiyo taa ya nini?"

"Ya kuteleza, mzee. Inawaka tangu nimelinunua."

Nikamuuliza kama gari limewahi kuteleza. Akacheka. "Sasa likiteleza, taa itanisaidia nini?"

Taa haisaidii kitu, kweli. Kazi iko nyuma yake. Kihisi kimoja kwenye usukani kinasoma dereva anataka kwenda wapi. Kingine katikati ya gari kinasoma linazunguka kiasi gani. Vinne vingine vinasoma kasi ya kila gurudumu. Matakwa ya dereva na mwenendo wa gari vikipishana, kompyuta inakaba breki ya gurudumu moja tu, ikibidi inapunguza na nguvu ya injini, gari lirudi kwenye mstari. Dereva ana pedali moja kwa magurudumu yote manne. Hata awe na mguu wa dhahabu ya Geita, gurudumu moja peke yake halifikii. Taa ikiganda inawaka, mlolongo huo umekatika mahali, na pengine ni waya tu uliopigwa na kokoto.

Mercedes-Benz na Bosch waliuingiza mfumo huu sokoni mwaka 1995. Oktoba 1997 mwandishi wa jarida moja la magari huko Uswidi alilipindua A-Class jipya katika jaribio la kukwepa ghafla, lililopewa jina la mnyama wa misitu ya kule mwenye pembe pana, anayevuka barabara bila taarifa. Kampuni ikaufunga mfumo kwenye kila A-Class. Umoja wa Ulaya ukaufanya wa lazima kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Waswidi wana mnyama wao. Sisi tuna ng'ombe sitini wa Kisukuma wanaorudi zizini jioni, mchungaji akiwa mita mia nyuma yao, na Shinyanga mjini tuna daladala, ambayo ni baiskeli.

Vijiweni utaambiwa dereva wa kweli anazima hayo makompyuta, kama wanavyofanya wa rali. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Magari ya ubingwa wa dunia wa rali hayaruhusiwi kuwa na visaidizi hivyo. Formula 1 ilivipiga marufuku mwaka 1994, ikaruhusu tena kidhibiti cha gurudumu kuserereka mwaka 2001, kisha ikakifuta 2008. Mashindano yanampima mtu, si kompyuta yake. Tena dereva wa rali hulitelezesha gari makusudi ili liingie kona likiwa limeshageuza pua, na mfumo ungeliona hilo kama kosa na kumkaba katikati ya ufundi wake.

Lakini tazama huyo ana nini. Barabara imefungwa, amekwishaipita na kuandika kila kona, pembeni yuko mwenzake anayemsomea, na matairi yamechaguliwa kwa ardhi ile. Safari Rally ya zamani, iliyoanza 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikimbizwa kwenye barabara zenye watu na mifugo, na baadaye timu kubwa zikawa zinakodi helikopta ya kutangulia kutazama mbele kuna nini. Wa mchomoko hana helikopta.

Kwa ukanda huu, kinachokaribia uwanja wa mbio ni barabara za ndani ya migodi mikubwa. Njia ni ileile kutwa, hakuna ng'ombe, kila mmoja ana redio, na boza la maji linapita kutuliza vumbi. Na humo ndimo mwendo unamobanwa na mkanda haujadiliwi. Ukitoka getini, penye bodaboda, mbuzi na giza, ndipo rali inapoanza.

Kuna mahali kitufe cha kuzima mfumo kina haki yake. Ukinasa kwenye mbuga, ule udongo mweusi wa Usukumani unaogeuka gundi mvua ikinyesha, mfumo unaona magurudumu yanazunguka bure na kuinyima injini nguvu, gari linazidi kukaa. Hapo zima, utoke, kisha uwashe. Na kwenye kokoto breki za ABS, zinazozuia gurudumu lisijifunge, zinaweza kuurefusha umbali wa kusimama, kwa sababu gurudumu lililojifunga hujilimbikizia changarawe mbele kama kabari, ilhali linaloachiwa na kukabwa halifanyi hivyo. Ila gurudumu lililojifunga haligeuzi gari.

Hata ukiwa mzima, mfumo unategemea matairi, na ya mchomoko ule yalikuwa yameng'aa kama upara. Wala kihisi cha usukani hakijui kwamba kiwiko cha dereva kimebanwa na abiria.

Kakola tulifika salama. Aliposhusha watu alizima gari, akaliwasha tena. Taa zote za dashibodi ziliwaka kwa pamoja, kama inavyotakiwa, kisha zikazimika moja moja. Akabonyeza tepu kwa dole gumba, ikae vizuri, akaanza kuita abiria wa kurudi.