Picha za zamani za Lamu: andika majina yangali yanajulikana

Katika nyumba nyingi za Lamu, Shela, Matondoni na Faza kuna bahasha au albamu ya picha zilizopigwa kabla ya ujio wa simu za mkononi. Hizi ni sehemu ya historia ya mji ambao UNESCO iliutambua kuwa Turathi ya Dunia mwaka 2001, lakini nyingi hazina hata jina moja nyuma yake. Wanaoweza kuwatambua waliomo ni wazee. Mzee anapofariki, sura kadhaa hubaki bila wenyewe.

Chukua mfano wa picha ya jahazi lililofunga gatini. Kijana wa leo ataona chombo, watu na miti. Mzee aliyefanya kazi ya mikoko atatazama unene wa miti hiyo na kutaja kama ni fito, pau, mazio, boriti au nguzo. Huenda pia akajua mzigo ulikuwa unakwenda wapi. Kwa kuwa serikali ilipiga marufuku kuuza mikoko nje ya nchi mwaka 1982, picha ya jahazi likipakia boriti za kwenda Arabuni yaelekea ilipigwa kabla ya hapo. Ngome nayo ilikuwa gereza hadi 1984, kwa hiyo askari jela waliosimama mlangoni pake ni dalili nyingine ya umri wa picha.

Kuna vitu ambavyo sasa vimebaki kwenye picha na vielelezo tu. Mtepe, chombo cha visiwa hivi kilichoshonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigwa misumari, kikiwa na tanga la mkeka, ulitoweka katika karne iliyopita. Hata ufuo wenyewe umehama. Ngome, iliyokamilika mnamo 1821, ilijengwa karibu na maji. Barabara ya pwani tunayopita leo ipo juu ya ardhi iliyojazwa baadaye. Fundi anayekarabati nyumba ya mbele ya bahari anaweza kupata katika picha ya familia umbo la baraza au mlango ambao haupo tena.

Picha nyingi za watu zilipigwa studio. Inayokumbukwa zaidi mjini ni Bakor Studio ya marehemu Omar Said Bakor, aliyejulikana kwa ustadi wa kuunganisha picha kadhaa zikawa moja, kazi iliyofanywa kwa mkono na mkasi, bila kompyuta.

Adui mkubwa wa picha hizi ni unyevu na chumvi. Kuta za mawe ya matumbawe hushika maji, kwa hiyo zidaka, ingawa zinapendeza, si mahali pazuri pa kuziweka. Mifuko ya plastiki pia hufungia unyevu ndani. Tumia bahasha za karatasi, uziweke ndani ya sanduku lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa nje. Picha iliyoganda kwenye albamu ya gundi usiibandue kwa nguvu. Ipige kwa simu ikiwa hapo hapo, kivulini karibu na dirisha, bila kuwasha taa ya simu. Negativu zisitupwe, maana hutoa nakala bora kuliko picha yenyewe.

Kisha kaa na mzee. Kwa penseli laini, andika nyuma ya picha jina, jina la utani, mtaa (Mkomani au Langoni), mwaka wa kukisia, na nani aliyetoa maelezo. Wazee wawili wakitofautiana, andika kauli zote mbili. Usitumie kalamu ya wino, kwani hupenya hadi upande wa mbele.

Picha za wanawake zinahitaji uangalifu wa pekee. Studioni mwanamke aliweza kupigwa picha bila buibui, ili itazamwe na mume, dada au mashoga zake tu. Aliyekubali picha yake ikae ndani ya albamu hakukubali isambazwe kwenye WhatsApp. Familia ina haki ya kukataa kutoa picha kama hizo, hata kwa watafiti, na inaweza kuhifadhi majina bila kuonyesha sura.

Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki za picha hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka ilipopigwa au ilipotolewa kwa umma, kutegemea lipi lilikuja baadaye. Hivyo picha ya studio ya mwaka 1990 bado ina mwenye haki, ingawa karatasi imo kabatini mwako. Kuihifadhi na kuwaonyesha jamaa hakuna tatizo. Anayetaka kuichapisha katika kitabu au kalenda ya kuuzwa aombe kwanza idhini ya mwenye haki.