Neno "Form": Kutoka Kidato cha Kwanza hadi Maji ya Ubatizo



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kagondo, wilayani Muleba. Jioni moja mdogo wangu, ambaye anasubiri kwenda kidato cha tano, alifungua daftari langu la falsafa. Karibu kila ukurasa alikuta neno moja la Kiingereza: form. Akacheka. "Kaka, si ulishamaliza Form Six zamani? Mbona huko seminarini bado mnasoma form?"

Nilicheka naye, ila swali lake lilinikaa kichwani. Siku tatu baadaye shangazi yangu alinijia na swali zito lililomnyima usingizi kwa miezi. Yeye hakulitaja neno hilo, lakini jibu la swali lake lilikuwa ndani yake. Nitalieleza mwishoni. Kwanza tulifuate neno lenyewe tuone linakopita.

Darasani: benchi na kidato

Neno hili limetoka katika Kilatini, forma, yaani umbo, sura, au hata kalibu ya kufinyangia kitu. Lilipitia Kifaransa likaingia Kiingereza, na huko likazaa maana nyingi. Moja ya maana zake za zamani ni benchi refu lisilo na egemeo. Baadhi ya watu husema, ingawa si jambo la hakika, kwamba katika shule za Uingereza wanafunzi wa ngazi moja walikaa benchi moja, na darasa likaitwa kwa jina la benchi. Ndiyo Form One iliyotufikia sisi wakati wa utawala wa Waingereza.

Waswahili hawakutafsiri benchi. Walichukua neno kidato, ambalo ni pengo linalokatwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate pa kukanyaga. Kama maelezo hayo ni kweli, Mwingereza alihesabu elimu kwa mahali pa kukaa, sisi tunaihesabu kwa mahali pa kupandia.

Ofisini: karatasi ya kujaza

Maana ya pili tunaijua vizuri: fomu. Tunajaza fomu benki, hospitalini na shuleni. Katika siasa zetu, kusema kwamba mtu "amechukua fomu" kunatosha. Kila mmoja anaelewa kuwa anagombea.

Karatasi hii inaweza kuonekana jambo dogo, lakini tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais, na fomu zilikuwa katikati ya shauri hilo. Fomu 34A hubeba matokeo ya kituo cha kupigia kura, na 34B hubeba matokeo ya jimbo zima. Ilionekana kwamba baadhi ya fomu hazikuwa na alama za usalama zilizotarajiwa. Majaji walio wengi walisema uchaguzi ni mchakato mzima, wala si hesabu ya mwisho peke yake.

Hapa Tanzania, Ibara ya 107A ya Katiba inaielekeza mahakama kutenda haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki. Maneno "kupita kiasi" yana uzito. Utaratibu hautupwi, ila usiinyonge haki ambayo uliwekwa kuilinda.

Uwanjani, kwenye ujenzi na katika hesabu

Mshambuliaji akifunga mechi nne mfululizo, mtangazaji husema yuko kwenye fomu. Vijana wa Nairobi wakiulizana "form ni gani?" wanataka kujua mpango wa siku. Kwa wajenzi wanaotumia Kiingereza, form ni zile mbao zinazozuia zege hadi likauke. Hata mahali sungura wa porini anapolala, pale majani yanapobonyea kwa umbo la mwili wake, Mwingereza hupaita form.

Katika hesabu, neno hili linahusu namna ya kuandika. Ziwa Victoria, ambalo sisi wa Kagera tunaliona kila siku, lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 68,800. Mwalimu wa hisabati atakuambia uandike 6.88 × 10⁴. Maandishi yamebadilika lakini ziwa halikupungua hata tone.

Swali moja la kupimia

Msomaji anaweza kuuliza: maana hizi zote zina uhusiano gani? Mimi nimeona zinapangika vizuri tukiziuliza swali moja: form ikibadilika, kitu chenyewe kinabaki?

Katika hesabu kinabaki. Mwanafunzi akitoka kidato cha nne kwenda cha tano, mtu ni yule yule. Mchezaji akipoteza fomu, jina lake halifutwi kwenye kitambulisho. Kwenye karatasi za serikali jibu linakuwa gumu zaidi: mara nyingine kosa la fomu ni dogo na haki inabaki, mara nyingine fomu ikiharibika hatuna tena njia ya kujua ukweli.

Lakini kuna mahali ambapo jibu ni hapana kabisa. Form ikiondoka, kitu hakipo tena. Hapo ndipo daftari langu la falsafa linapoanzia.

Aristotle na nyumba ya msonge

Aristotle, aliyeishi Ugiriki kati ya mwaka 384 na 322 kabla ya Kristo, alisema kila kitu tunachokiona kina pande mbili. Kuna kile ambacho kitu kimetengenezwa nacho, na kuna kile kinachokifanya kiwe kitu hicho na si kingine. Upande wa kwanza aliuita hyle, neno la Kigiriki ambalo kwanza lilimaanisha miti au mbao. Sisi tunauita maada. Upande wa pili wanafalsafa wa Kilatini waliuita forma, nasi tunasema umbo.

Chukua nyumba ya msonge ya wazee wetu Wahaya. Maada yake ni nguzo, fito, kamba na nyasi. Vitu hivyo hivyo vikirundikwa uani ni rundo tu. Vikipangwa kwa mpango wa msonge, watu wanalala humo na moto unakokwa. Hatukuongeza kitu kingine cha kushikika. Kilichoongezeka ni umbo.

Mfano huu unasaidia, lakini una mpaka wake. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba umbo la kitu kilichotengenezwa na fundi ni la juu juu, kwa sababu mti wa nguzo unabaki kuwa mti. Umbo la ndani kabisa tunaliona katika kiumbe hai. Ng'ombe akifa, kwa muda mfupi nyama, mifupa na ngozi vinaonekana kama jana, lakini ng'ombe hayupo. Kwa Aristotle na kwa Thoma, roho ndiyo umbo la mwili ulio hai. Mwaka 1312 Mtaguso wa Vienne ulitamka kuwa roho ya mwanadamu yenye akili ni umbo la mwili wake. Maana yake, mtu si roho iliyopanga chumba ndani ya mwili kama mpangaji. Mwili na roho ni mtu mmoja.

Senene darasani

Somo la mantiki linatumia neno hilo hilo kwa mpangilio wa hoja. Tazama hoja hii: Kila senene huruka, kunguru huruka, kwa hiyo kunguru ni senene. Sentensi mbili za mwanzo ni kweli, lakini hitimisho linachekesha hata mtoto. Kasoro iko kwenye umbo la hoja.

Sasa hii: Kila senene ni samaki, kila samaki huishi majini, kwa hiyo kila senene huishi majini. Umbo lake ni sahihi kabisa. Kasoro iko kwenye maada, kwa sababu senene si samaki. Anayejua tofauti hii hadanganywi kirahisi, iwe sokoni au kwenye mkutano wa kampeni.

Maji na maneno

Kanisa lilichukua lugha hii ya maada na umbo ili kueleza Sakramenti. Mwaka 1439 Mtaguso wa Firenze ulifundisha kwamba Sakramenti hukamilika kwa mambo matatu: vitu kama maada, maneno kama umbo, na mhudumu mwenye nia ya kutenda kile ambacho Kanisa hutenda. Katika Ubatizo, maada ni maji, na umbo ni maneno yanayotamkwa wakati maji yanamiminwa.

Mwaka 2020 Vatikani iliulizwa kama Ubatizo ni halali pale mhudumu anaposema "tunakubatiza" badala ya "nakubatiza". Jibu likawa hapana. Sababu ni kwamba anayebatiza ni Kristo mwenyewe kupitia mhudumu wake, wala jumuiya haibatizi kwa jina lake yenyewe. Padre mmoja wa Jimbo Kuu la Detroit, Marekani, aliangalia video ya Ubatizo wake wa utotoni akasikia neno hilo la wingi. Ilibidi abatizwe, apewe Kipaimara na kupadrishwa, kwa sababu yote yaliyotangulia hayakuwa na msingi.

Katika Kiswahili tofauti hiyo ni silabi moja ya mwanzo. Na ndiyo iliyomnyima shangazi usingizi.

Mjukuu wake alizaliwa kabla ya wakati, nyumbani, usiku wa mvua kubwa. Mtoto alikuwa hahemi vizuri. Shangazi alichukua kikombe cha maji akambatiza, wakiwepo wanawake wawili majirani. Mtoto alipona. Miezi baadaye shangazi alisikia mahubiri kuhusu neno hilo, akaogopa. "Tulikuwa watatu tumepiga magoti," aliniambia. "Sikumbuki kama nilisema nakubatiza au tunakubatiza. Niambie, mwanangu, nilichofanya usiku ule kilikuwa bure?"

"Waitu shangazi," nilimjibu, "mimi bado mwanafunzi. Twende kwa paroko."

Paroko aliwahoji wote watatu kwa upole. Hakuna aliyekuwa na hakika. Sheria ya Kanisa inasema kwamba shaka ikibaki baada ya uchunguzi wa dhati, mtu abatizwe kwa sharti, yaani mhudumu aanze kwa kusema "kama hujabatizwa". Ndivyo ilivyofanyika Jumapili iliyofuata.

Kisha paroko alimweleza shangazi jambo ambalo nami niliandika daftarini. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 861, inamruhusu mtu yeyote mwenye nia sahihi kubatiza wakati wa dharura, kwa hiyo hakukosea kuchukua kikombe. Na Mungu aliyefunga wokovu na Sakramenti ya Ubatizo, yeye mwenyewe hafungwi na Sakramenti zake. Upendo wa usiku ule haukupotea. Lakini kwa kuwa tumepewa umbo, tunalishika, ili mtoto akikua asiwe na shaka juu ya msingi wake.

Ndugu msomaji, nakuomba jambo moja dogo. Waulize wazee wa jumuiya yenu ndogo ndogo kama wanajua maneno ya kubatiza wakati wa dharura. Kama hawana hakika, mwombeni katekista awafundishe, kisha muyaandike ndani ya jalada la kitabu cha sala. Shangazi yangu ameshayaandika ndani ya chake, kwa herufi kubwa.